Kadi au Kompyuta

Mwezi Machi mwaka 2019 mume wangu alikuwa na mabehewa zaidi ya mia moja kwenye gereji yetu ya Kensington, Johannesburg, na kutwa kucha alikuwa akiwaza yaende wapi. Simaanishi mabehewa ya kubeba watu au makaa ya mawe. Ni treni za mfano, kila behewa halizidi urefu wa kiganja, na reli zake zinazunguka juu ya meza iliyokula gereji nzima hadi gari letu likawa linalala nje.

Tatizo langu lilikuwa jingine. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilikuwa kimenipa kazi ya kufundisha takwimu, na kilitaka jibu Jumatatu. Kila nikimuuliza Festus kama tunarudi Kenya au hatuendi, ananipiga chenga.

"Tutaongea, Wamaitha. Wacha kwanza tumalize hii maneno ya mfumo."

Maneno ya mfumo yalikuwa yameanza kabla ya Krismasi. Mwanzoni yeye na wenzake walikuwa wakizungusha treni tu, wanakunywa chai, wanaenda makwao. Baadaye wakataka treni zifanye kazi kama za kweli: behewa la mahindi litoke mahali litue mahali, likishushwa mzigo liende kupakia mwingine. Sasa nani anaamua behewa gani liende wapi? Hapo ndipo walipogawanyika.

André, fundi cherehani wa Jeppestown, mtu wa Likasi kule Kongo, alitaka kadi. Kila behewa linakuwa na kadi yake yenye mfuko mdogo, na mfukoni unatia karatasi inayosema linakoenda. Likifika, unageuza karatasi, upande wa pili unataja safari inayofuata. Festus, ambaye anaandika programu za benki huko Marshalltown, alitaka kompyuta iamue yenyewe na kumchapia kila dereva orodha yake. Alikuwa ameiandika programu hiyo mwenyewe, miezi hiyo yote, Jumapili baada ya kanisa, na aliipenda kuliko alivyopenda baadhi ya ndugu zake.

Burhani, fundi wa friji kutoka Tabora, alikuwa anacheka tu.

"Hii machine ya Festus, courant ikikatika iko nalala," André alisema siku moja, maana mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto. "Kadi hailale."

"Bwana André," Burhani akamjibu taratibu, "umeme ukikatika, hata treni zinalala."

Mimi nilikuwa siwezi kucheka. Wiki ile sikukalika. Nilipanga kabati la vyombo, nikalipangua, nikalipanga tena. Nilitoka kwenda dukani kununua chumvi tuliyokuwa nayo. Kwenye robot, kama wanavyoita huku taa za barabarani, nilimpigia honi mzee wa watu kabla hata taa haijawa ya kijani, na nikaona aibu njia nzima. Nilikuwa nimechoka na Johannesburg, nimechoka kuulizwa ninatoka wapi na nitarudi lini, na hapo hapo nilikuwa na hofu kwamba Festus hataki kurudi, ila hana ujasiri wa kuniambia. Barua ya kukubali nilishaiandika kichwani. Nilichokuwa sijui ni kama naandika kwa niaba ya watu wawili au mmoja.

Jumamosi walipanga kujaribu mifumo yote miwili, halafu waamue. Mwenzao wa nne, Elisée, alikuwa amepangiwa zamu ya ulinzi, kwa hiyo Festus akaja jikoni.

"Mama, tusaidie. Tumepungukiwa dereva."

"Nikiendesha treni yako leo, utanijibu leo?"

"Leo," alisema. Na mimi nikavua aproni.

Niseme kwanza kwamba wale wanaume walikuwa na desturi ya ajabu. Stesheni zote zina majina ya makwao: Likasi, Tabora, Emali ya Festus, zote ndani ya hatua chache za kutembea. Na mtu haruhusiwi kusimamia stesheni ya kwao, kwa sababu ataipendelea. Siku ile André alipewa Emali, Burhani Likasi, Festus Tabora, na mimi nikawa dereva wa kuzunguka zote.

Tukaanza na kadi. Nilifurahia kuliko nilivyotarajia, sitaki kudanganya. Unashika kadi, unatafuta behewa lako, unalivuta, unaenda nalo. Lakini haukupita muda Likasi ikajaa. Kila treni niliyoileta ilikuwa na mzigo wa Likasi: mashine za Likasi, saruji ya Likasi, unga, mbao, mafuta. Burhani alikosa hata njia ya kupenyeza kichwa cha treni.

"Nani aliandika hizi karatasi?" akauliza.

Wote tukamwangalia André. Alikuwa amekaa na cherehani yake wiki nzima akiandika karatasi zile mteja akichelewa. Kumbe hawakumruhusu kusimamia Likasi, akaamua kuilisha kwa mbali.

"Mi sikufanya exprès, si makusudi," alisema, huku akijitahidi kutotabasamu. "Nilikuwa nafikiri tu, mu Likasi bantu bako na lazima ya bintu mingi."

Tulicheka hadi mimi nikasahau Jumatatu kwa dakika kadhaa. Halafu nikaikumbuka.

Kompyuta ilikuwa kitu kingine. Festus alichapa orodha, kila mtu akapewa karatasi moja safi: chukua haya, acha hayo. Treni zilipishana bila kelele. Katikati André aliacha behewa la mafuta Emali badala ya Tabora, na orodha zilizofuata zikaanza kusema vitu visivyokuwepo. Festus akakimbilia kompyuta, akagonga gonga vitufe, akachapa nyingine, tukaendelea. Tulipomaliza, kila behewa lilikuwa mahali pake na Likasi ilikuwa na nafasi ya kupumua.

"Kompyuta haina kwao," Burhani alisema. "Haipendelei mtu. Mimi kura yangu iko hapo."

André akasokota ncha ya futi yake ya kupimia nguo, aliyokuwa bado ameivaa shingoni. Halafu akainua mikono. "Sharp. Kompyuta. Mi nimekubali."

Sikuamini. Miezi yote ile ya ubishi imekwisha hivi hivi. Festus akanigeukia.

"Na wewe?"

"Mimi si mwanachama."

"Umeendesha leo. Sema."

"Kompyuta," nikasema, na nikasema kwa ukali, kwa sababu nilitaka liishe ili aje kwenye langu. "Imefanya kazi vizuri, kila mtu ameona. Chagueni kompyuta tumalize."

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeumia kidogo. Akafunga kompyuta.

"Basi mimi nasema kadi," alisema.

"Eish!" Burhani aliruka. "Festus, unatuchezea? Programu si yako hii?"

"Ni yangu. Ndiyo shida yake." Alikuwa anaongea na meza, si na sisi. "Ile imekwama leo nikaitoa, mimi ndio niliitoa. Ikikwama mwezi wa sita, ataitoa nani? Nimejaribu kuiandika iwe rahisi, nimeshindwa. Kila nikitoka mimi inaanguka. Kadi zinaharibika pia, lakini hata Elisée akitoka zamu na usingizi ataona behewa limekosea njia. Ziandikwe upya, zisiwe za Likasi tupu, na mtakuwa sawa."

"Mtakuwa?" Burhani akasema. "Wewe mwezi wa sita utakuwa wapi?"

Festus akagonga ubao wa meza. "Meza inafunguka vipande sita. Nimepima mlango wa karakana yako, Burhani. Vitaingia, ukiondoa zile friji mbovu za ukutani."

Nilielewa kabla yao, na bado ilinichukua muda kuamini nilichoelewa. Nilikuwa na furaha iliyotaka kunitoa machozi, na hapo hapo nilitaka kumrushia kikombe.

"Ulipima lini huo mlango?" nikamuuliza.

"Wiki jana."

"Wiki jana! Na mimi nilikuwa napangua kabati wiki nzima kama mwendawazimu! Ungeniambia lini, Festus?"

"Leo. Nilikuahidi leo." Sasa aliniangalia. "Nilikuwa najua tutaenda tangu ulipopata hiyo kazi. Lakini hawa watu, Wamaitha. Jumamosi zote hizi. Nilitaka kuona kwanza kama wataweza bila mimi, na kila nikiangalia ile programu, naona hawawezi. Ningekuambia ndiyo halafu nibaki nikitafuta sababu ya kutoondoka."

Nilimwendea nikamshika mkono. Miezi yote ile nilidhani anajificha nyuma ya treni ili asinijibu, kumbe ni kwenye zile treni alikokuwa anatafuta njia ya kuondoka. Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimetoka kupiga kura abaki. Niliona haya, na sikuificha.

Burhani alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi. "Friji zile nitaziondoa," alisema.

André ndiye aliyechukua muda. Alivua futi shingoni, akaikunja kidogo kidogo hadi ikawa donge, akaitia mfukoni. Nilidhani atamlalamikia Festus. Akanigeukia mimi.

"Maman Wamaitha," alisema, bila hasira yoyote, "unatunyanganya mutu."

Ningeweza kumwambia kwamba ni kazi, kwamba ni nyumbani, kwamba watatembeleana. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Alikuwa amesema jambo lilivyo. Nilikuwa ninampata mume wangu mzima, na hawa walikuwa wanampoteza, na mizani hiyo mimi ndiye niliyeivuta upande wangu.

Jibu la Nairobi lingeweza kuandikwa jioni ile ile. Badala yake nilivuta kiti hadi mezani, nikachota rundo la karatasi tupu na kalamu, nikamwomba André anionyeshe zinavyojazwa, kwa sababu mabehewa yalikuwa zaidi ya mia na tulikuwa na miezi michache tu.

"Andika hapa kwanza pale inatoka," alisema. Akasogeza kiti chake karibu na changu, na tukaanza na behewa la mahindi.