Kura ya Bibi Hatsue

Kontena lilikuwa moja na sisi wachuuzi kumi na watatu, wanaume saba, wanawake sita. Mzigo unaopakiwa mwisho hukaa mlangoni, nao hutoka kwanza bandarini Dar. Kwa miaka miwili Jovin, msimamizi wa kupakia, aliyasukuma marobota ya wanawake ndani kabisa. Sikukuu inafika, nguo walizoleta wanaume zimeshauzwa na kuvaliwa, zetu bado bandarini.

Mwaka 1998 tukasema tuchague upya msimamizi. Swalha wa Unguja alinitaja mimi, Albina, kwa kuwa nilizoea kukaa godauni Shahe, kwenye soko la Wachina tunakonunua nguo, nikitazama tu, na robota la kila mtu nalijua kwa mshono wake.

"Darasa la saba huyo," Jovin akacheka.

"Kwani tunapakia vyeti?" Swalha akamjibu.

Hotelini kwetu alikuwepo Bibi Hatsue, Mjapani wa miaka themanini na sita, aliyekuja kununua vifungo vya duka la mjukuu wake. Siku moja kabla ya uchaguzi Swalha, anayejua Kiingereza, alinipeleka kwake kunywa chai, akawa anatafsiri.

"Nilipokuwa na miaka tisa," alisema Bibi, "mama alinipeleka mkutanoni. Sheria ilikataza wanawake kwenda mikutano ya siasa. Polisi akamtoa mbele za watu. Mama alivaa ndala zake mlangoni taratibu, hakuinamisha kichwa."

Alipokua akadai kura kwa miaka mingi. Iliporuhusiwa, aligombea udiwani wa mji wake, akizunguka kwa baiskeli. Alishindwa kwa kura moja.

"Ya nani?" nikauliza.

"Yangu. Niliona aibu kuandika jina langu, nikaandika la mpinzani." Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Baada ya miaka minne niliandika langu, kwa herufi kubwa. Nilikaa barazani miaka ishirini. Zahanati ya wazazi ya mji ule niliidai mimi."

Kesho yake tulikutana chumbani kwa mzee Othman, mkubwa wetu.

"Wanaomtaka Jovin?" Mikono sita, wa Jovin mwenyewe ukiwa wa kwanza.

"Wanaomtaka Albina?" Wanawake watano, na Othman mwenyewe.

"Sare," Jovin akasema. "Basi tuendelee kama zamani."

Mkono wangu ulikuwa mapajani. Kwetu nilifundishwa kwamba anayejipakulia kwanza hana adabu. Nikamkumbuka yule mama na ndala zake. Nikaunyoosha.

"Unajipigia mwenyewe, dada? Huoni haya?"

"Kaka Jovin, wako ulipanda kabla ya wote. Nilikuwa natazama."

Watu wakaangua kicheko. "Saba," Othman akasema.

Siku ya kupakia Bibi Hatsue alikuja na fimbo yake, tukampa kigoda. Zamu tulizipanga kwa kuokota vizibo vya soda vyenye namba, wanaume kwa wanawake. Mimi sikuokota. Niliagiza marobota yangu yaingie ya kwanza, yakae ndani kabisa.

Jovin alinishangaa. "Sasa ulijipigia kura ya nini, kama unajiweka mwisho?"

"Nilitaka usimamizi, sikutaka mlango."

Bibi akamuuliza Swalha nimesema nini. Alipoambiwa, alisimama akiegemea fimbo yake, akaniinamia kichwa mbele ya wapakizi wote. Nami nikamwinamia. Kisha nikageuka nikaita kizibo namba moja.