Harambee ya Cherotich

Cherotich alikuwa amechoka, na si uchovu wa zamu. Huo wa zamu aliuzoea. Miaka ya kuwahudumia wagonjwa wa figo hospitalini Doha ilimfundisha kusinzia hata akiwa amesimama kwenye lifti. Huu mwingine ulikuwa uchovu wa kuchagua.

Vyuo viwili vilikuwa vimemkubali kwa shahada ya uzamili. Kimoja kilikuwa Uingereza, chuo chenye jina, na ndiko aliko profesa wa figo ambaye Cherotich alisoma kazi zake tangu diploma. Lakini kingemlipia nusu ya karo tu. Iliyobaki, chumba na chakula, ajitafutie. Cha pili kilikuwa Kanada, katika mji wa baridi ambao hata Wairimu, mwenzake wa chumba pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na mjuzi wa kila kitu, hakuwahi kuusikia. Hicho kingelipa yote, posho juu, mradi afanye utafiti wao wa usafi wa wodi. Usafi wa wodi, jamani, kitu alichokuwa anakikimbia!

Basi akakosea. Cha kwanza aliwatangazia watu, cha pili akakinyamazia kwa aibu. Na Wakenya wa Doha ukiwaambia jambo lako, si lako tena. Mzee Reuben, msimamizi wa walinzi na mwenyekiti wa kikundi chao, akaitisha harambee bila hata kumuuliza.

Ijumaa baada ya ibada walikusanyika kwenye ukumbi wa kukodi mtaa wa Abu Hamour. Chuo cha Uingereza kilitaka jibu Jumapili. Reuben alishika maikrofoni, akawachokoza watu mmoja mmoja kwa majina, nani anatoa nini, na ole wake aliyejificha nyuma. Madereva walitoa, mayaya walitoa. Cherotich aliketi mbele akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Kisha akasimama Onyango, mlinzi wa lango la hospitali yao. Alikuwa hajaenda nyumbani miaka minne. Binti yake, Tiffany, alimjua kwenye simu tu. Juzi juzi alikuwa amemwonyesha Cherotich sanduku alilonunua Al Sadd kwa ajili ya likizo.

"Mimi natoa pesa zangu za likizo," alisema. "Nyumbani nitaenda mwaka ujao. Dada yetu asome."

Watu walipiga makofi. Onyango aliketi akatazama viatu vyake, na Cherotich akapandwa na hasira: kwa Reuben, kwa kile chuo, na zaidi kwa nafsi yake. Angezichukua, nani angemlaumu? Aliomba maikrofoni.

"Kuna chuo kingine," alisema. "Kinalipa kila kitu. Niliwaficha. Naenda huko, na naomba kila mtu arudishiwe chake."

Reuben, bado akitabasamu kwa ajili ya watu, alimnong'oneza kwamba amemvua nguo. Wairimu aligeuza uso. Cherotich alitoka nje kwenye joto, akaegemea ukuta, akamlilia yule profesa wa Uingereza kama mtu aliyefiwa.

Onyango naye akatoka. Cherotich alijipangusa haraka, akidhani anakuja kumlaumu. Lakini mwenzake hata hakumwona. Simu ilikuwa sikioni.

"Mama Tiffany," alikuwa akisema, "nilitaka kukupigia nikuambie siji. Sasa si hivyo tena. Mwambie mtoto nakuja."