Wadhamini Kumi wa Apolonia

Jumanne, saa tatu asubuhi, Apolonia alitandika kitenge safi juu ya meza, akaweka fomu ya uteuzi katikati, na pembeni pedi ya wino aliyoinunua kule Nyololo siku alipokwenda kupiga picha za pasipoti. Wadhamini wake kumi, wote wachuma chai kama yeye, walikaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri kuungama.

Alikuwa anagombea udiwani kwa jambo moja, na kila mtu alilijua. Makaburi ya kijiji yako katikati ya shamba la chai la kampuni. Yalikuwepo kabla ya chai. Mumewe, Liberatus, amelala huko, na mama yake, na bibi yake. Mwaka mmoja baada ya kumzika Liberatus, njia ikawekwa geti, na geti likawekwa mlinzi anayeuliza kibali. Tangu hapo, kila Siku ya Marehemu wanasali wakiwa wamesimama barabarani. Apolonia alitaka njia ile ifunguliwe, basi. Mgombea mwingine alikuwa bwana Clement, mkazi wa Mlandege, Iringa mjini, ambaye kijijini alishafika mara mbili, zote akiwa ndani ya gari la kampuni.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mzee Kalinga, miaka arobaini katika chai. Alibonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akainua. Hapakuwa na alama ya kidole. Palikuwa na majani mawili ya chai na chipukizi katikati, mabichi, yameshika karatasi kwa kikonyo.

"Bonyeza tena, baba," alisema Apolonia.

Alibonyeza tena. Likatoka tawi.

"Mistari yangu iliisha zamani," alisema Kalinga, akifuta kidole kwenye suruali. "Hii ndiyo iliyobaki."

Eveline alipoweka la kwake yakaota majani, na Tusekile hivyo hivyo. Tusekile akasema la Eveline limekomaa mno, mnyapara angelitupa. Watu wakacheka kidogo. Wote kumi walipomaliza, Apolonia aliinyunyizia fomu maji isije ikanyauka njiani, akafanya ishara ya msalaba, akaibeba kwenye kikapu hadi ofisi ya kata, mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Msimamizi msaidizi wa uchaguzi aliipokea saa tisa na dakika arobaini. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Aliyafunua majani kwa ncha ya kalamu, akasoma majina yaliyokuwa chini.

"Shikamoo mama. Hii ni chai."

"Marahaba, mwanangu. Ni wadhamini."

"Mdhamini anatakiwa awe mtu."

"Ni watu. Hata humo kikombeni mwako wamo."

Msimamizi alikitazama kikombe chake, akakisogeza mbali kidogo na fomu. Akaeleza kwamba kanuni inataja dole gumba, haitaji jani. Angempa fomu nyingine, lakini saa kumi anafunga. Apolonia akabonyeza dole lake mwenyewe pembeni ya meza, ili aone. Likaota. Msimamizi akalichuma, akalitia kwenye ndoo ya taka, akamwuliza kama anacho kidole kingine. Saa kumi kamili alipiga mhuri, akabandika tangazo ukutani: bwana Clement amepita bila kupingwa.

Apolonia alirudi na fomu yake. Mizizi ilikuwa imeshaanza kutoka kwa nyuma, na kutupa kitu kilicho hai aliona ni dhambi, kwa hiyo akaipanda uani, palipolimwa mahindi. Wiki ya pili miche kumi ilifika kiunoni. Kufikia Oktoba chai ilikuwa imezunguka nyumba na kufika mlangoni.

Watu wa kampuni walikuja na kamba ya kupimia. Hawakuwa wakali. Walisema palipo na chai ni shamba, wakang'oa bikoni ya mpaka wakaisimika mbele ya nyumba yake, na geti wakalisogeza pia. Bwana Clement alisaini kama shahidi. Saini yake ilitoka vizuri.

Siku ya Marehemu, wale wasio na zamu walisimama barabarani na mishumaa, padri mbele yao. Mwaka huu Apolonia alikuwa upande wa ndani. Mnyapara alikuwa amempangia kuchuma uwanja wake mwenyewe, na kutoka hapo hadi makaburini kulihitaji kibali kile kile. Padri alirusha maji ya baraka juu ya geti, kuelekea kwa wafu. Yaliishia kwenye mistari ya kwanza ya chai. Apolonia aliitikia sala zote kutoka pale alipo, mikono ikiendelea na kazi.

"Taratibu na huo wangu, mama," Kalinga alimwambia kutoka nje, akisugua dole gumba. "Jana niliamka limevimba."

"Nisamehe, baba," alisema Apolonia. Akauinamia mche wa Kalinga, akachuma kwa ncha za vidole, majani mawili na chipukizi, akatia kikapuni.