Dakika Mbili na Sekunde Kumi na Mbili

...kumi na mbili, haiwezekani, kidole kitakuwa kimeteleza, au alichelewa kubonyeza mtoto alipoondoka, na mwalimu wa michezo akaisogeza saa karibu na macho, kisha akaisogeza mbali maana miwani ameiacha ofisini, na karibu au mbali saa ilisema lilelile, dakika mbili na sekunde kumi na mbili, mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja huuhuu wenye kona ya tope, na aliyekimbia ni Sisimizi, msichana anayeitwa hivyo kwa ufupi wake, huyuhuyu Sisimizi ambaye jana jioni alimwandika kwenye fomu kuwa mkimbiaji wa akiba, kwa wino, kwa mwandiko wa kujivunia, na sasa yuko mbele yake ameinama, mikono magotini, anahema, anauliza, "Ngapi, mwalimu?" na mwalimu anaisoma saa tena, kwa sababu Twiga, ambaye jina lake liko mstari wa juu, Twiga anayekwenda mashindano ya taifa, hajawahi kushuka chini ya kumi na nne, hata siku moja, na kidole cha mwalimu hakitelezi, miaka kumi na tisa hakijateleza, walimu wenzake humtania kwamba hata chai anaipima kwa saa ya mbio, naye hucheka, na kweli huipima... ni viatu, sauti ndogo ikamwambia ndani yake, akaikemea, viatu gani, viatu ni viatu, lakini macho yalikuwa yamekwisha kushuka miguuni kwa Sisimizi na hapo yakaganda, njumu za Twiga, za rangi ya ndimu, nyepesi hata ukizishika unadhani umeshika boksi tupu, soli nene ya sponji, na ndani ya sponji bamba gumu, Twiga mwenyewe aliwahi kumwonyesha, alisema ukikanyaga linakurudisha juu, mwalimu, kama mtu anakusukuma, naye akamjibu kinachokusukuma wewe ni mazoezi, mwanangu, akaona amesema jambo la hekima... mjomba wake Twiga alizileta Januari kutoka safari zake, na leo zimemfikia Sisimizi kwa bahati tu, raba zake zimembandukia soli wakati wa kupasha misuli moto, ya kulia ikawa inapigapiga chini kama mdomo wa bata, na fomu inadai muda mpya wa kila aliyeandikwa, wa Twiga ulichukuliwa jana, na tarishi wa ofisi anaisubiri pale barazani, ndipo Twiga, aliyekuja kumtazama mwenzake tu, akafungua kamba akasema, "Vaa zangu, si tunalingana miguu?" na mwalimu akasema haya, upesi, hakufikiri hata kidogo, angefikiri nini, yeye anayewakimbiza mmoja mmoja ili mtu asivutwe na mwenzake, saa ileile ya asubuhi, njia ileile, kidole kilekile, yeye aliyefunga kitambaa kwenye mlingoti wa bendera ili upepo ukizidi wangoje utulie, anayebadilisha betri kila muhula hata kama haijaisha, anayekataa kumsemesha mkimbiaji kabla hajaondoka asije akampendelea mmoja kwa neno, haki, haki, ndilo neno lake katika kila kikao cha walimu mpaka wamemchoka, alipima kila kitu uwanjani humu isipokuwa kile walichovaa miguuni...

...na daftari, Mungu wangu, daftari, liko hapa kwapani, hana haja ya kulifungua, analijua kwa moyo, mwaka jana wote Sisimizi kumi na sita na Twiga kumi na nane, mtoto mfupi akimshinda mrefu kila Jumatano, halafu Januari, Twiga kumi na saba, kumi na tano, kumi na nne, na Sisimizi palepale, kumi na sita, kumi na sita, kama msumari, na yeye alitazama namba hizo zikigeuka mbele ya macho yake akajitungia maelezo, watu wazima hatukosi maelezo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, aliwaambia walimu, huyu mdogo amelewa sifa, na Twiga je, Twiga amekomaa, akamsimamisha mbele ya shule nzima awaeleze wenzake nidhamu ni nini, mtoto wa watu akabaki anasokota kidole, akasema nilijitahidi tu, na watu wakapiga makofi, na makofi yale yote kumbe alikuwa anamvika kilemba cha ukoka... hapana, asimdhulumu na huyu tena, Twiga naye alijitahidi, alitapika pale ukingoni siku ya joto akarudi kukimbia, kuna sekunde zake za halali mle ndani, lakini ni zipi, ni ngapi, nani atazitenganisha na za bamba, wala mtoto mwenyewe hataweza, na yuko pale kwenye nyasi amekaa na soksi, anamcheka mwenzake, "Ulipaa leo, wewe!" hana habari kwamba amevua nafasi yake kwa mikono yake mwenyewe... na hilo si baya kuliko yote, baya kuliko yote ni jikoni, alikwenda jikoni kwa miguu yake, mwezi wa tatu, akamkuta mama yake Sisimizi anayepikia shule, kati ya masufuria, jasho usoni, akamwambia kwa upole, upole wake ule, mwanao miguu anayo ila hana moyo, pale mita mia za mwisho anakata tamaa, akajikaze kisabuni, na mama akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye aproni kwanza, kwa heshima, akasema, "Nitamwambia, mwalimu. Asante kwa kumjali," asante, alimwambia asante, na tangu siku ile mtoto anaamka kabla ya kengele na kuzunguka madarasa peke yake gizani akitafuta moyo, na yeye alimwona dirishani, kikombe mkononi, akajisemea dawa imeingia...

"Mwalimu?" Sisimizi akasema, bado hajainua kichwa, na kule barazani tarishi akaita kitu kuhusu gari na saa nne, na hakuna aliyeiona namba, hakuna, ndiyo kwanza mwalimu akaliona hilo, saa iko kiganjani mwake na kidole gumba tayari kiko juu ya kitufe cha kufuta, sijui kilifika pale lini, bonyeza mara moja tu zinakuwa sifuri, sema kumi na sita, kumi na sita kama kawaida, nani atakubishia wewe usiyekosea, Twiga aende na njumu zake, huko taifa wote wamevaa za namna hiyo, na ukimpeleka Sisimizi atavaa nini, raba ya mdomo wa bata, au umvue Twiga viatu vya mjomba wake umvishe mwenzake uite hiyo nayo haki, basi kumi na sita, si uongo mkubwa, ndio muda wake wa siku zote, na kidole kikagusa kitufe, akakisikia kilivyo baridi, na Sisimizi akasema kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie, "Ni mbaya, eh? Najua. Pale kona ya mwisho moyo ulinikataa tena. Nisamehe, mwalimu."

...moyo ulinikataa, amekimbia kuliko msichana yeyote aliyewahi kupita kwenye daftari hili na bado ameuona moyo wake unamkataa, kwa sababu mtu mzima alimwambia haupo, akaamini, ataamini mpaka uzeeni, atakuwa mke wa mtu, mama wa mtu, na kila kona ngumu atajisemea mimi ndivyo nilivyo, na mwalimu akakiondoa kidole kwenye kitufe polepole, kama mtu anayetoa mkono kwenye kisu, na namba ikabaki, kumi na mbili, na sasa alijua kwamba fomu haiendi leo, gari na liondoke, mkuu wa shule na afoke, fomu mpya itaandikwa baada ya hawa wawili kukimbia peku, siku moja, njia moja, na kama sheria yake ya vipimo haikubali peku basi sheria yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo, lakini hayo ni ya kesho, cha sasa ni namba hii, ambayo akiitamka itawaingia watoto wawili kwa mpigo, mmoja aambiwe hakupungukiwa kitu, mwingine aambiwe hakuna anayejua alichonacho, na kabla ya namba lipo neno lake yeye la kutangulia, neno ambalo mtoto ameshamtangulia kulisema bila kosa... "Ngapi, mwalimu?" akauliza tena Sisimizi, mikono bado magotini, na Twiga akanyanyuka na soksi zake akaja kusikia, na mwalimu akawatazama, huyu na yule, akitafuta aanze kumwomba radhi yupi.