Seli ya Tatu

Chaja ililia tena, na safari hii Baba hakuinua hata kichwa.

"Basi," alisema. "Haitaki. Mrudishe Bata juu."

Bata ni ndege. Si ya kupanda. Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi, mtu unaibeba kwapani, unaiendesha kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Baba aliijenga mwenyewe katika chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa karakana yake ya redio. Tulimwita Bata kwa sababu akiwa chini anatembea vibaya, anayumbayumba mpaka unaona haya, lakini akishaacha ardhi unamsamehe yote.

Sikumrudisha juu. Ilikuwa Ijumaa, jua bado kali, na nilikuwa nimefunga saluni mapema kwa ajili ya kazi hiyo moja tu: kujaza betri ya Bata ili kesho yake Baba arushe. Nimesuka vichwa vya watu wabishi kuanzia ujana wangu. Sikuwa tayari kushindwa na kitu kisicho na mdomo.

Niseme wazi kilichokuwa kinanichoma. Mikono ya Baba inatetemeka. Ilianza kidogo tu, kijiko kikigonga sahani, sote tukajifanya hatusikii. Kisha akaacha kutengeneza redio. Kisha akaacha kurusha. Miezi ikapita Bata akining'inia kwenye ndoano ya dari, na Baba chini yake akitazama mpira kwenye televisheni, yeye ambaye mpira haujawahi kumhusu. Halafu wiki ile, bila kuulizwa na mtu, akasema mezani, "Jumamosi nitarusha." Mama aliacha kutafuna. Mimi nilikwenda jikoni kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yangu mezani, nikalia huko. Namjua baba yangu. Jumamosi hiyo ikipita bila Bata kuruka, asingesema tena.

Sasa chaja inalia. Kwenye betri hii, ndani ya ule mfuko wa plastiki, kuna seli tatu, bapa, zimelaliana kama madaftari. Waya mbili nene zinapeleka umeme kwa zote kwa pamoja. Lakini kuna plagi nyingine ndogo, nyeupe, yenye waya nyembamba zinazofika kwa kila seli peke yake. Kupitia hizo, chaja inaona nani ameshiba na nani bado, na inawazuia walioshiba mpaka aliyebaki nyuma awafikie. Baba huita hivyo kusawazisha. Ukichaji bila ile plagi nyeupe, ni kama kutupa chakula katikati ya watoto na kugeuka. Mwenye nguvu atazidisha na mnyonge atalala njaa. Na seli iliyozidishiwa hailii, inawaka moto. Ndiyo maana tunachajia barazani, ndani ya sufuria la Mama lenye mchanga, sufuria ambalo Mama amelidai mpaka amechoka.

Kwenye kioo cha chaja seli mbili zilikuwa sawa. Ya tatu ilikuwa chini sana, kama mtu aliyezirai.

"Hii haikuwa hivi," nilisema. "Tuliiacha imelala vizuri."

Kulaza ni neno letu la nyumbani. Betri hizi hazipendi kukaa zimejaa bila kazi. Zinachoka na kuvimba. Kwa hiyo unaijaza pale tu unapojua kesho unarusha. Usipojua, unaiacha na nusu, ndiyo kuilaza. Miezi yote ile, kila nilipomuuliza Baba nifanye nini na betri, jibu lilikuwa moja: "Ilaze." Nyingine zilizeeka humo humo usingizini, tukazitupa. Ilibaki hii moja, na ya kuagiza ingefika wakati wake, si wetu.

Nilimpigia simu mdogo wangu. Tunamwita Spika kwa sababu hajui kunong'ona.

"Umeifanya nini betri ya Baba?"

"Betri gani, dada?"

Mtu anayeuliza betri gani katika nyumba yenye betri moja ameshajibu. Nilimwambia aje, na akaja, gari la kazini akaliegesha nje ya geti, kofia mkononi.

"Nilifungia redio kwenye sherehe ya rafiki yangu," alisema mbele ya Baba. "Kidogo tu. Muziki ukazima wenyewe."

"Ukazima wenyewe," nilirudia. "Yaani uliikamua mpaka tone la mwisho."

"Lakini nilirudishia chaji, Baba. Kwa chaja ya pikipiki. Nikaitoa mapema, nikaogopa."

"Na plagi nyeupe?" Baba aliuliza.

"Plagi nyeupe ipi?"

Baba alifumba macho. Ningemrukia Spika pale pale, lakini Mama alikuwa dirishani, na mbele ya Mama bado sisi ni watoto. Nilimwambia tu akae na ndoo ya mchanga karibu na sufuria, asiondoke, asiguse, na akiweza asipumue.

Nilipunguza umeme wa chaja mpaka mwisho, nikachomeka plagi nyeupe, nikakaa kwenye kigoda. Si kazi ya mtu asiye na subira, na mimi subira sina. Huwa naikodi kwa wateja. Seli ya tatu ilipanda polepole. Zile mbili zilisimama zikaingoja. Baadaye alasiri kioo kilionyesha zote tatu zimelingana, na Spika akapiga makofi.

"Bado," Baba alisema kutoka kitini. "Chomoa. Iache ipumzike, halafu pima."

Nilichomoa. Tukanywa chai. Nilipopima tena, mbili zilikuwa palepale nilipoziacha. Ya tatu ilikuwa imeanza kushuka, na nilipotazama tena ilikuwa imeshuka zaidi. Ilikuwa inavuja kwa ndani. Umeme unaingia, hautulii.

Nilitaka kunyamaza. Kile kipimo kilikuwa mkononi mwangu, na Baba macho yake hayasomi tena namba ndogo. Lakini ananisoma mimi.

"Imeshuka," alisema.

"Kidogo."

"Imeshuka."

"Azunguke mara moja tu, Baba. Utamshusha kabla haijachoka."

"Ikikata akiwa juu ya vichwa vya watu?"

"Watu tutawasogeza. Spika atawapigia kelele, si ndiyo kipaji chake."

"Mama," Baba aliniita. Huniita hivyo akitaka niache ubishi. "Mimi siwezi kumshika vizuri hata betri ikiwa nzima. Nimrushe na betri mbovu? Mrudishe juu, mwanangu. Tumejaribu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Spika, nikaikasirikia hata ile mikono iliyokuwa imelala mapajani mwake ikicheza yenyewe. Nilitoka mpaka getini nikarudi. Na katika kurudi ndipo nikaona jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, nilipaswa kuliona kabla ya chai. Mteja akija na nywele zilizoungua kwa dawa, siziombei dua. Nazikata, zilizo nzima zinabaki.

"Tuikate," nilisema. "Seli ya tatu. Iko pembeni, si katikati. Tuitoe, Bata aruke na mbili."

Baba alicheka kwa pua. "Bata nilimjenga kwa seli tatu. Kwa mbili atakuwa mzito wa mwendo kama mimi. Hatapanda kwa kasi. Hatapinduka."

Kupinduka ndiyo ilikuwa sifa yake. Zamani, uwanjani, alikuwa akimlaza Bata chali angani na kumpitisha hivyo hivyo mbele ya watu, tumbo juu, na wenye ndege za dukani wakabaki wameshika viuno kwa mshangao. Nilijua namwomba nini.

"Nani amekwambia apinduke?" nilisema. "Wewe ulisema utarusha."

Alimtazama Bata, akatazama ile mikono. Nilidhani nimemuumiza, na labda nilimuumiza.

"Kwenye boksi la redio mbovu," alisema mwishowe, "kuna propela kubwa. Mota ikizunguka polepole inataka bawa pana."

Kazi tuliifanya barazani jua likiwa bado lipo. Zamani Baba angeimaliza huku akipiga mluzi. Sasa alikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa, akanielekeza kwa mdomo.

"Usikate ncha mbili kwa pamoja, zitagusana. Kata moja. Funika kwa utepe. Sasa ya pili. Funika."

Nilikata moja, nikafunika. Mkono wangu hautetemeki. Umezoea kutenganisha vitu vyembamba kuliko hivyo. Lakini cheche moja ingetosha kutuunguza sote. Spika alishika ndoo kifuani na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema neno. Nilifunga upya zile waya nene, nikalehemu, Baba akiinama karibu kabisa, pumzi yake shavuni mwangu.

"Moto mfupi," alisema. "Gusa, ondoa. Betri isipate joto."

Niligusa, nikaondoa. Risasi ya kulehemia ilikaa vizuri, inang'aa.

"Ulijifunza wapi?" aliuliza.

"Nilikuwa nakaa chini ya meza yako, Baba. Ulidhani nacheza?"

Aliomba kitambaa, akafuta jasho la uso wangu yeye mwenyewe, kwa mkono ule unaotetemeka, na akanipaka masizi kidogo kwenye nyusi.

Seli mbovu tuliizika kwenye mchanga wa sufuria, nyuma kabisa ya ua. Mama alisema kutoka dirishani kwamba sasa sufuria amelisamehe, tukae nalo. Tulitafuta kopo la kuchajia badala yake, nikaiambia chaja kwamba seli sasa ni mbili, nikachomeka plagi nyeupe. Zilipanda pamoja mpaka nusu. Tuliziacha zipumzike, nikapima, zikawa palepale. Nikapima tena kwa wasiwasi wangu tu. Palepale.

"Jaza," Baba alisema.

Asubuhi tulikwenda uwanja wa shule wote wanne. Mama, ambaye kwa miaka yote alisema hana muda wa kutazama vichezeo vya mtu mzima, alibeba kigoda chake mwenyewe. Kwa kuwa betri ilikuwa imepungua uzito, pua ya Bata ilikuwa nyepesi mno, na Baba alimtuma Spika atafute cha kuongezea. Akarudi na nati kubwa ya gari, tukaifunga kwa utepe. Wenzake Baba wa zamani walikuwepo na ndege zao. Walimsalimia kwa heshima ile ya kuzidi, ambayo watu humpa mgonjwa. Niliichukia.

Bata alikimbia kwenye majani akiyumbayumba, akakimbia, akakimbia. Nikaona ukuta wa shule unakuja. Kisha magurudumu yakaacha nyasi, chini chini, bila haraka yoyote, na akapita juu ya ukuta kwa nafasi ambayo sitaki kuikumbuka.

Nilikuwa nimesimama begani kwa Baba. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya rimoti, na Bata angani akatetemeka navyo, bawa la kulia, bawa la kushoto, kidogo kidogo. Nikaona midomo ya Baba imekaza. Nikanyoosha mkono nimsaidie, nikaurudisha. Alikata kona ya kwanza vibaya, akapoteza kimo, akakirudisha. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu ilikuwa pana na nzuri, na bega lake nilisikia limelegea.

"Yule wa seli tatu asingenivumilia," alisema bila kuondoa macho juu. "Nikikosea tu, ameshaanguka. Huyu mzito ananisubiri."

Alizunguka mpaka saa ya rimoti ikalia. Hakupindua. Mmoja wa wenzake alipiga kelele, "Mzee, chali!" na Baba akamjibu, "Pindua wewe," akamshusha Bata kwenye nyasi kwa kudunda mara moja. Mama aliketi kigodani akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na nilipomfikia niliona analia bila kujificha, kwa hiyo na mimi sikutafuta chumvi.

Nyumbani Baba alikaa kwenye kiti chake cha barazani. Betri ilikuwa imepoa. Niliiweka kwenye kopo, nikachomeka waya nene, nikachomeka plagi nyeupe. Seli zote mbili zilikuwa zimeshuka sawa. Chaja iliniuliza nataka nini, kama inavyouliza siku zote: kujaza, au kulaza. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kulaza, kwa mazoea ya miezi mingi.

Nilikizuia. "Baba. Niilaze?"

Ndani, kwenye ndoano ya dari, hapakuwa na kitu. Bata alikuwa mezani, majani ya uwanja bado kwenye magurudumu. Baba aliiweka mikono yake miwili magotini, wazi, akaitazama inavyotetemeka, muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama redio kabla ya kuifungua.

"Kesho Jumapili," alisema. "Jaza."