Chumba cha Kando ya Mteremko

Mahrokh alipotaka wakodi chumba kilicho kando kabisa ya mteremko wa Dizin, wa kuteleza kwenye theluji, mumewe Siavash alicheka.

"Theluji yenyewe ndiyo kwanza inaanza, mke wangu. Kule kijijini tutapata nyumba nzima, na kwa gari ni karibu tu."

"Baridi inanishinda. Nataka nikichoka niingie ndani papo hapo."

"Wewe? Wewe ambaye tukikuita jioni hutaki kuacha kuteleza?"

Sababu ya Mahrokh ilikuwa nyingine. Mwaka jana, huko huko Dizin, alimkuta mama mkwe wake, Bi Turan, akilia ndani ya gari lililoegeshwa. Mkojo ulikuwa umembana, choo kiko mbali, njia yote barafu, na aliona haya kumwambia mwanawe. Safari hii Bi Turan alikuwa amekataa kwenda kabisa, mpaka aliposikia chumba kiko wapi.

Siavash alinung'unika weee, mwishowe akakubali.

Asubuhi ya kwanza watoto wao walifungua mlango, wakavaa skii zao za kutelezea, wakateleza. Bi Turan alikaa kibarazani na blanketi lake akiwashangilia. Mara akaingia ndani, akatoka. Baadaye akaingia tena, akatoka. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mahrokh alipokuja kupumzika, mama mkwe alimvuta karibu.

"Ati baridi inakushinda! Mwongo mkubwa wewe." Kisha akashusha sauti. "Siavash anajua?"

"Hajui, mama, wala hatajua."

Bi Turan akashusha pumzi ndefu, akamnyooshea glasi.

"Haya, niongezee chai. Ijaze."