Kiti Changu kwenye Karamu ya Misukule

Mzee aliyejenga hoteli tunayofanyia kazi alikufa kabla sijaanza kuosha vyombo pale, lakini aliacha desturi moja ambayo hakuna mrithi aliyethubutu kuifuta. Kila mfanyakazi, hata wa kwenye karo, ana haki ya kukaa mezani kama mgeni mara moja kwa mwaka, siku atakayoichagua mwenyewe, na wenzake wamhudumie. Wengi huchagua tarehe mosi Januari kwa ajili ya supu ya maboga ya sikukuu ya uhuru. Wengine huwapa mama zao kiti hicho. Mimi kwa miaka mitatu nilimpa mama mdogo Orélia aliyenilea, naye alikuja na kofia yake ya kanisani, akala, akafunga mabaki kwenye leso, akaenda zake.

Mwaka huu nilisema nitakaa mimi. Nikasema pia kwamba nitakaa Jumamosi ya misukule.

Hiyo ni siku moja kabla ya kanivali ya mji wetu wa Jacmel. Bango la hoteli linaiita Karamu ya Zombi, kwa herufi zinazochuruzika rangi nyekundu. Saa tisa mchana, jua likiwa bado kali, wageni hukaa uani chini ya turubai, na wanaowaletea chakula ni misukule sita wa kikundi cha Fundi Klébert, wamejipaka jivu na unga usoni, wamejitanda mashuka meupe, wamefungwa kamba moja kiunoni. Wali mweusi wa uyoga siku hiyo huitwa udongo wa kaburini. Mchuzi wa bamia ni kamasi za marehemu. Kachumbari ya viazi na biti, yenye wekundu wa kutia kichefuchefu, ni ubongo. Miaka mitatu nimeziosha sahani hizo zikirudi jikoni, na miaka mitatu nimesikia watu wakipiga mayowe upande wa pili wa ukuta huku mikono yangu ikiwa ndani ya povu.

Napenda vitu vya kutisha. Jirani yetu anayeonyesha filamu uani kwake ananijua. Hunitunzia benchi la mbele. Lakini misukule wa filamu zile, wanaong'ata watu na kukimbia kama mbwa, mimi hunichekesha. Msukule wetu hang'ati. Msukule wetu ni mtu aliyezikwa, akaliliwa, akafukuliwa na yuleyule aliyemuua, akapewa jembe. Anapita mbele ya nyumba ya mama yake na hageuzi shingo. Hicho ndicho kinachonitisha.

Na nitasema na hili, maana watu huniuliza binti mwoga kama mimi anatafuta nini huko. Mimi kumwamkia mtu bombani hunitoa jasho. Wiki nzima naogopa peke yangu. Penye kutisha watu huogopa wote kwa pamoja, wakubwa na wadogo, wenye viatu na wasio navyo, na hofu yangu haiwi kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kwangu hayo ni mapumziko.

Mama mdogo aliposikia alisema nakwenda kula sahani moja na shetani. Alisema mchungaji atajua. Alisema nikikaa kwenye karamu ile nisirudi kwake na tumbo lenye chakula kile. Nilikuwa nachambua maharage, sikuinua uso.

"Hata Lazaro alitoka kaburini, mama mdogo."

"Lazaro hakutoka kuja kugawa wali," alisema. "Na wewe Dieula, nani kakufundisha kujibu?"

Niliendelea kuchambua maharage.

Madamu Rosemène, anayeendesha hoteli, alikuwa mgumu zaidi kwa sababu yeye hakukasirika. Aliniambia kwa upole kwamba Jumamosi ile ni ya wageni wa kutoka mji mkuu, Port-au-Prince, kwamba meza zimejaa, kwamba Jumatatu ya Pasaka kutakuwa na samaki wazuri. Nikasema Jumamosi. Akasema labda sikuelewa. Nikasema nimeelewa, Jumamosi. Muda wote huo nilikuwa natazama viatu vyake, lakini jibu halikubadilika. Mwisho akasema haya, na nilipofika siku yenyewe, nimevaa gauni langu la njano lililopigwa pasi pande zote mbili, nikaona nimewekewa kijimeza kando ya mlango wa jikoni, pale tunapoegemeza mifagio. Mifagio yenyewe ilikuwa bado ipo.

Nilikaa. Nilichotaka kilikuwa kidogo na nilikijua vizuri: nikae, nitishwe, nile mpaka sahani ya mwisho, kisha nisimame nikitaka mwenyewe.

Meza ya jirani alikaa bwana wa mji mkuu na mkewe na binti zao wawili. Bwana alinitazama, akatazama mifagio, akaniuliza kama si mimi niliyepita asubuhi na ndoo. Nikasema ndimi. Akasema basi nimletee uma mwingine, huu una doa. Nikamwambia leo mimi ni mgeni, doa hilo atamwonyesha msukule. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya panya. Binti zake walicheka, sijui walimcheka nani.

Fundi Klébert alikuwa akizunguka kabla ya kuanza, na kofia yake ndefu nyeusi na mjeledi wa katani begani. Yeye huchonga vinyago vya karatasi mwaka mzima, mtu mtaratibu, lakini katika mambo ya kikundi chake hataki mchezo. Alikuwa anaondoa chumvi mezani. Kila mwaka yeye na Madamu hugombana juu ya hilo. Madamu husema wageni wanalipa, wana haki ya chumvi. Fundi husema msukule akionja chumvi anakumbuka kwamba amekufa, anainuka na kurudi kwao, na hakuna bwana anayeweza kumrudisha. Kwa hiyo chumvi na watu wake hawakai ua mmoja, hata kama ni mchezo, hasa kwa kuwa ni mchezo. Akavikusanya vikopo vyote ndani ya kikapu na kukipeleka ofisini. Meza yangu ilikuwa haijaandaliwa bado. Mpishi aliponiandalia, akitaka niwe na kila kitu walicho nacho wageni wengine, aliniwekea kisahani changu cha chumvi. Hakuna aliyekiona.

Pembe ikalia. Misukule wakaingia.

Walipaswa kuwa sita, walikuwa watano. Mmoja wao, tulikuja kusikia baadaye, mkewe mlokole alimfungia ndani na kukaa na ufunguo kifuani. Watano walitosha kunyamazisha ua mzima. Hawakunguruma, hawakunyoosha mikono. Walitembea tu, nyayo zikikokotwa kwenye kokoto, kila mmoja akiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Msichana mdogo wa meza ya jirani alipanda mapajani kwa mama yake.

Aliyekuja kwangu alikuwa Evens. Evens ninamjua. Evens huniibia ndizi za kukaanga kila siku na kunitania kwamba nitaolewa na sufuria. Akaweka wali mweusi na nyama ya mbuzi mbele yangu, kisha hakuondoka. Akabaki ameinama, uso wake wa jivu umbali wa kiganja kutoka wangu, na macho yake yakanipita kama vile kiti changu kilikuwa kitupu.

"Evens," nilinong'ona.

Akajibu kwa kupitia puani, sauti iliyokauka: "Evens alikuwa nani?"

Vinyweleo vilinisimama hadi mgongoni. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kamba ikamvuta, akaondoka kwa hatua ileile, nami nikabaki natabasamu kama mjinga. Nilikula udongo wa kaburini. Nilikula ubongo. Mbuzi alikuwa ameiva hadi nyama inaachia mfupa, na kabichi ya pilipili ilinitoa machozi. Tangu niachishwe ziwa, sikumbuki chakula kilichonikaa namna ile.

Nilikuwa nusu ya sahani Madamu Rosemène alipotokea nyuma yangu. Watano hawakutosha kwa meza zote. Wageni wa nyuma walikuwa wamepata wali uliopoa na wameanza kunung'unika. Aliinama sikioni mwangu, akinukia marashi.

"Dieula, simama. Kuna shuka jikoni na jivu kwenye bakuli."

Nikasema sijamaliza kula.

"Utamalizia jikoni. Binti, hakuna cha kusema wala cha kumtazama mtu. Unainamisha kichwa na kubeba sahani. Si kazi uliyozaliwa nayo hiyo?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Hapo ndipo paliponiuma. Na wageni walikuwa wameshaanza kugeuka kutuangalia. Fundi Klébert naye alikuwa amesimama hatua chache, kamba mkononi, ncha moja ikining'inia bila mtu.

Siku nyingine yoyote ningesimama. Miguu yenyewe ilikuwa imeanza, niliihisi ikijikusanya chini ya kiti, kwa mazoea tu. Nikanyoosha mkono kwenye kisahani, nikachota chumvi kwa vidole vitatu, nikainua uso mpaka macho yangu yakakutana na ya Madamu, na nikaiweka chumvi ulimini mbele ya watu wote.

Ilikuwa nyingi mno. Mdomo ulinikauka.

"Nimeshaonja, Madamu," nilisema. "Siwezi tena."

Ua mzima ulisikia. Mama mmoja wa hapa hapa mjini, meza ya katikati, alisema "Ayaa" kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona kikombe kikianguka. Evens aliinua kichwa. Wale wanne wengine wakainua vichwa pia, na hilo halikuwa kwenye mchezo.

Madamu alicheka kidogo. Akamwambia Fundi Klébert amfunge huyu mtoto kamba, kazi iendelee, wageni wanangoja.

Fundi aliikunja ile ncha taratibu mkononi mwake.

"Huyu simfungi," alisema. "Ameonja. Anajua kwao ni wapi."

"Klébert, usiniletee ushirikina."

"Si ushirikina, Madamu, ni kikundi changu. Babangu aliniachia kofia hii na neno hilo moja. Nikimfunga aliyeonja, kesho nitapita na nani barabarani? Mji mzima umeona."

Na kweli mji mzima ulikuwa umeona. Wale wa meza ya katikati walikuwa wanatikisa vichwa kukubaliana naye. Wageni wa mji mkuu walidhani ndiyo karamu yenyewe, wakapiga makofi. Bwana wa uma alipiga makofi kuliko wote. Madamu alibaki amesimama katikati ya makofi hayo, akitutazama mmoja mmoja, halafu akashika pindo la sketi, akaingia jikoni, akatoka amebeba sinia mwenyewe.

Alihudumia meza zote za nyuma akiwa na viatu vyake virefu, bila jivu wala shuka, na nasikia huko nyuma walisema yeye ndiye aliyewatisha zaidi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alipoweka mkate wa viazi vitamu mbele yangu, hakunitazama. Nilisema asante. Nilisema kwa sauti ambayo mtu wa meza ya pili angeisikia, kisha nikala taratibu, kipande kwa kipande, ingawa koo lilikuwa bado linawaka chumvi na nilikuwa na hofu ya Jumatatu, na ya mama mdogo, na ya ule umati wa macho. Nilikula na hofu zote hizo. Zilikaa mezani nami na hakuna iliyonitoa kwenye kiti.

Mwisho wa karamu Fundi Klébert huachia kamba. Misukule hutawanyika katikati ya meza, na kila mtu hukimbia. Nilikuwa nimesikia kelele hizo miaka mitatu kutoka kwenye karo. Evens alinijia mimi moja kwa moja, mikono ikining'inia, na nikapiga yowe. Lilitoka tumboni, refu, likavuka ukuta na kwenda hadi kwa wauza vinyago barabarani, na nilipoishiwa pumzi nilivuta nyingine nikapiga la pili. Evens mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

Jumapili mama mdogo hakunisemesha. Alinipakulia, lakini hakunisemesha. Jumatatu nilifika kazini saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida, na Madamu Rosemène alikuwa mlangoni. Aliniuliza kama nadhani nimefanya jambo la maana. Nikasema ndiyo. Akanielekeza masufuria ya mbuzi, yaliyoachwa siku mbili bila kulowekwa, mafuta yameganda kama nta. Niliyasugua yote. Mchana nilipokwenda kuchukua sabuni ofisini kwake, nilimwambia mapema, ili asije akasema hakujua, kwamba mwaka ujao nitakaa Jumamosi hiyohiyo, na safari hii nataka meza ya mbele.